Shemeji, kilo zangu na gari iliyotaka kwenda kinyumenyume

Shemeji yangu ana ugonjwa mmoja tu, akiona gari ya mtu imelala chini basi na yake lazima ilale zaidi. Ana kigari chake cha spoti, milango miwili, injini mbele, tairi za nyuma ndio zinasukuma, na siku anakinunua kilikuwa kimetulia kabisa huna cha kulalamika. Akaanza. Akatoa shokapu na springi za kiwandani akafunga zile za kupandisha na kushusha kwa spana, halafu spana yenyewe akaizungusha upande mmoja tu, wa kushusha, mpaka nyuzi zikaisha. Kidole hakipiti kati ya tairi na fenda. Ukikaa ndani, gari ikikanyaga kifuniko cha soda unajua mpaka ni soda gani.

Sasa siku hiyo akanichukua twende uwanja wa mbio, ile siku wanaruhusu watu wa kawaida kuleta magari yao, mimi nikae abiria na helmeti ya kuazima inayonibana masikio, kazi yangu kurekodi spidomita ikipanda.

Raundi ya kwanza taratibu tu, kupasha tairi moto. Hata kwenye 100 usukani ulishaanza vituko, kila kamfereji kwenye lami gari inakafuata, yeye anairudisha, inafuata kengine. Nikamuuliza shemeji mbona mikono haitulii. Akasema hiyo ndio filingi yenyewe, gari ya spoti inaongea na dereva. Sawa. Ila nilivyoona mimi ilikuwa inamtukana.

Raundi iliyofuata tukaingia ile njia iliyonyooka akakanyaga mafuta. 120. 140, mkia ukaanza kucheza, kidogo hivi, kushoto, kulia. Nikamwangalia. Akasema ni upepo. Bendera zote za uwanja zimelala kwenye milingoti yake hata moja haitikisiki. 160. 170. Mwisho wa hiyo njia kuna kona ndogo ya kulia, wenzetu wote wanaipita bila hata kupunguza, ila kabla yake lami imeinuka kidogo, kituta ambacho jicho halikioni. Gari ilikiona. Shokapu imeshushwa mpaka haina pa kwenda, ikagonga ile mpira ya mwisho gari ikawa ngumu ghafla, tukarushwa, tairi za nyuma zikaachana na lami, na zilivyotua tu shemeji akaingiwa na hofu akaachia mafuta mguu mzima, katikati ya kona.

Na hapo ndipo hupaswi kabisa kuachia, maana ukiachia mafuta ghafla uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na hiyo nyuma tayari ilikuwa inatafuta sababu.

Mkia ukatupita. Nikaona tulikotoka. Nikaona tunakokwenda. Nikaona tena tulikotoka, na safari hii tukabaki tunapaangalia hapo hapo huku gari inaingia kwenye kokoto kinyumenyume, kokoto zinapiga chini utadhani mvua ya mawe, vumbi likatufunika. Injini ikazima. Hakuna aliyeumia, hata kioo kimoja hakikuvunjika. Nikageuka, shemeji bado anakata kona, kashika usukani anauzungusha. Nikamwambia, shemeji, tumeshafika.

Akashusha pumzi. Akaniangalia toka kichwani mpaka tumboni. Neno lake la kwanza, "Kwani wewe una kilo ngapi?"

Yaani mwenzenu ndio nikawa mshtakiwa. Trekta linatuvuta kutoka kwenye kokoto yeye anamweleza dereva wa trekta. Tumefika kwenye karakana za uwanja anaeleza watu hata hawajauliza, kwamba gari iko poa ila abiria mzito, gari ndogo hizi haziwezi, uzito ulikaa upande mmoja. Watu wananikagua. Nimesimama hapo na helmeti yangu haitaki kutoka.

Akaja mzee mmoja, fundi wa magari ya mashindano, mtu wa maneno machache, akazunguka gari mara moja akachuchumaa nyuma. Akauliza, "Kijana, ulipoishusha ulipiga alaimenti?" Shemeji akajibu kwa kujiamini kabisa, "Mzee, alaimenti ya nini, gari haivuti upande wowote." Mzee hakubishana. Akaenda kuleta stendi nne na kamba ya nailoni, akafunga kamba mbili zikanyooka sambamba na gari pande zote mbili, akatoa rula ndogo ya chuma akaanza kupima kutoka kwenye kamba mpaka kwenye rimu. Ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, milimita 61. Ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo, 66. Akahamia upande wa pili, karibu hivyo hivyo. Akaniita mimi nisome ile rula, nadhani kwa kunihurumia.

Maana yake, akasema, tairi zako za nyuma zote zinaangalia nje, kila moja ina safari yake. Ukishusha gari mikono ya saspensheni inabadili pembe na tairi zinageuka bila kukuaga. Kwenye kona gari inaegemea tairi ya nje, na hiyo tairi inaelekea nje, kwa hiyo inaubeba mkia inaondoka nao. Kwenye 60 huwezi kujua. Kwenye 170 unajua. Zinatakiwa ziangalie ndani kidogo, milimita moja, mbili, ndio mkia unatulia.

Shemeji akasema, "Lakini na kilo zake pia."

Mzee akahamia kwenye tairi. Akalamba kidole akafuta ubavu wa tairi ya nyuma, zile tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT zikaonekana, 1115. Imetengenezwa wiki ya 11 mwaka 2015, hiyo mpira imeshakuwa jiwe. Tena herufi yake ya spidi ni T, mwisho kilomita 190 kwa saa, kwenye gari ambayo mwenyewe anatangaza mtaani inafika 240, na 240 ni kazi ya V. Za mbele mpya kabisa, zinashika vizuri. Kwa nini mpya mbele? Kwa sababu mbele ndio zinaonekana kwenye picha, haki ya Mungu hilo ndilo jibu alilotoa. Kwa hiyo mbele inang'ang'ania lami, nyuma inateleza, halafu upepo kajaza psi 40 tairi zikiwa baridi, zikichemka uwanjani zinapanda 5 au 6 juu ya hapo, tairi inavimba katikati inagusa lami kwa kipande kidogo tu.

Mimi hapo nikapata nguvu ya kuongea. Nikamwambia shemeji hata Audi wenyewe, ile TT ya kwanza iliyotoka 1998, ilibidi waziite zirudi baada ya ajali za mwendo mkali kule Ujerumani, wakazifunga spoila nyuma, wakaweka ESP, ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza, wakarekebisha na saspensheni. Na wale ni mainjinia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza abiria ana kilo ngapi.

Nikajiponza. Mzee akasema hapana, kilo zinaulizwa, gari ya mashindano ikipimwa uzito wa kila tairi, kitini huwa wanaweka uzito wa dereva. "Una ngapi kwani?" Kimya. Karakana nzima inasubiri. Nikasema tisini na kidogo. Kuna mtu nyuma akaguna.

Basi mzee akafanya kazi yake. Akapandisha gari mpaka shokapu ikapata pa kuchezea, akalegeza bolti za mikono ya nyuma akarudisha tairi ziangalie ndani, akahamisha zile mpya ziende nyuma, akapunguza upepo. Akaapa kwamba akisikia imevuka 150 na hizo T mbele atakuja kuchukua funguo mwenyewe. Akasema na abiria ashuke, wa kwanza ajaribu peke yake.

Nikasimama ukutani. Shemeji akapita pale kwenye njia iliyonyooka gari imetulia tuli, kituta kile kile, ikainama ikainuka ikaendelea na kona bila wasiwasi. Akarudi, akazima, akafungua mlango meno yote nje, akaita watu wasogee.

"Si mmeona? Amani kabisa. Nilisema mimi, shemeji ashuke!"