Umeme wa Upepo Unahitaji Nyaya Zinazovuka Mipaka

Wapo wanaosema umeme wa jua na upepo hauaminiki. Hauaminiki ndani ya eneo dogo, hilo nakubali. Wingu likitanda juu ya mji, sola inashuka papo hapo. Lakini upepo ukitulia hapa, kilomita elfu moja mbele mara nyingi unavuma, na umeme wake hautufikii kwa sababu gridi zetu nyingi, yaani mitandao ya nyaya za kusafirisha umeme, zilijengwa ziishie mpakani.

Tazama Denmark na Norwei. Denmark hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwenye upepo. Norwei hutegemea mabwawa. Tangu miaka ya 1970 zimeunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Upepo ukizidi Denmark, Norwei hununua umeme huo kwa bei ya chini na kupunguza kasi ya mitambo yake, maji yakabaki bwawani. Upepo ukikatika, maji yanafunguliwa na umeme unarudi kusini. Mabwawa yanafanya kazi ya betri, bila betri yoyote kununuliwa.

Ujerumani yenyewe, ndani ya nchi moja, huzima mitambo ya upepo ya kaskazini kwa kuwa njia za kufikisha umeme kusini hazitoshi. Njia kuu ya SuedLink ilitarajiwa 2022. Sasa inasubiriwa 2028. Inauma kuona umeme safi ukitupwa namna hiyo.

Na kujitenga kuna gharama. Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, ambayo gridi yake imejitenga karibu kabisa na za majirani. Mamilioni walikaa gizani, na zaidi ya watu 200 walikufa. Mji wa El Paso, uliomo humo humo Texas lakini umeungwa na gridi ya magharibi mwa Marekani, uliponea chupuchupu. Waya peke yake haukuuokoa: mitambo yake ilikuwa imeimarishwa baada ya baridi ya 2011. Ila kuwa na jirani wa kumwomba umeme ni jambo kubwa.

Hoja moja ya wanaopinga nyaya hizi naiheshimu: kwamba zinaweza kupandisha bei ya umeme nyumbani. Mwaka 2021 Norwei ilifungua nyaya mbili mpya za megawati 1,400 kila moja, kwenda Ujerumani na Uingereza. Bei ya gesi, inayotumika kuzalisha umeme, ilipopanda Ulaya, bei ya umeme kusini mwa Norwei ikapanda nayo, na serikali ikalazimika kufidia sehemu ya bili za majumbani. Wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Fidia hiyo, kwa maoni yangu, iandikwe ndani ya mkataba kabla waya haujalazwa, ikitoka kwenye mapato ya kuuza umeme nje.