Majengo ya wizara yapo, mshahara wa mshauri je?

Tangu Rais Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, kila wizara iliyofunga virago imeacha vyumba Dar es Salaam. Je, baadhi ya vyumba hivyo vigeuzwe vituo vya afya ya akili kwa vijana?

Haja ipo. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 18. Kwetu, jina linalotajwa kwanza ni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma iliyoanza 1927, na shuleni jina hilo ni tusi. Nani ataomba msaada?

Hapo ndipo jengo la Posta au Kivukoni, katikati ya Dar es Salaam, lina faida ambayo wapangaji wa mipango huisahau: siri. Binti wa Mbagala akionekana akiingia chumba cha ushauri kwenye zahanati ya mtaani kwao, jioni mama ntilie ameshapata habari. Mjini hakuna anayemjua. Huenda amefuata cheti, huenda ana usaili wa kazi.

Lakini siri hiyo inalipiwa nauli, kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki, na kijana asiye na kazi ataacha baada ya mara ya tatu. Mwenye kalamu ya hesabu atauliza pia: kwa nini jengo la ufukweni lisipangishwe, kodi ikawalipa washauri Mbagala na Gongo la Mboto? Hoja nzuri, ila kodi hiyo isipofungwa kisheria itamezwa na matumizi mengine.

Jengo tupu lina kishawishi chake. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, ilianza 1910 katika kituo cha kutenga wagonjwa wa ndui. Mahali pa kutenga watu pakaendelea kutenga watu. Harare, kinyume chake, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alikosa hata chumba, akaweka mabenchi nje ya zahanati na kuwafunza akina bibi kusikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona zilipungua. Kilichotibu hakikuwa kuta.

Kwa hiyo ningekubali ghorofa moja, si jengo zima, ikae pamoja na maktaba na ofisi ya ajira. Na ikama, yaani idadi ya watumishi wa kuajiriwa, ipitishwe kabla ya rangi na vigae, maana kukata utepe ni siku moja, mshahara ni kila mwezi.

Hata hapo linabaki jambo ambalo fundi hawezi kulirekebisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana akimwambia mshauri kwamba juzi alimeza vidonge, faili lake linalindwa na nani polisi wakiligongea mlango?