Mkufunzi wa kiti cha nyuma alikuwa wapi?

Jioni moja hapa Ukonga tulikuwa kwenye kahawa, ndege ikapita juu yetu ikienda kutua uwanja wa Julius Nyerere, na mazungumzo yakahamia ajali ya Vance. Ilitokea Novemba 21, 2019, katika kambi ya Jeshi la Anga la Marekani iliyoko Oklahoma. Ndege mbili za mafunzo aina ya T-38 zilikuwa zikitua sanjari, yaani kwa pamoja, ubavu kwa ubavu. Ile ya mwanafunzi iligusa ardhi, ikanyanyuka tena, ikaivaa mwenzake na kupinduka. Yeye na mkufunzi wake wakafariki. Mzee mmoja akauliza: "Sasa mwalimu alikuwa wapi?"

Ni swali la haki. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulitaja kwanza kwamba mkufunzi hakushika usukani wakati ulipohitajika. Mzazi aliyemtoa kijana wake anastahili jibu, na mkufunzi amewekwa kiti cha nyuma kwa ajili ya dakika kama ile.

Dakika? Hata sekunde ni nyingi. Ndege hiyo hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa, yaani takriban mita 70 kila sekunde. Sekunde moja na nusu inatosha kumaliza uwanja wa Mkapa, goli mpaka goli. Ndani ya muda huo mkufunzi aone kosa, aamue kwamba mwanafunzi hatalirekebisha mwenyewe, kisha mkono ufike. Na kando yake kuna ndege nyingine, kwa hiyo hata kosa dogo la kuyumba halina pa kwenda. Sisi tuliosoma ripoti tumekaa tunaijua ile sekunde. Yeye alikuwa ndani yake.

Kisha kuna jambo ambalo wasiowahi kufundisha hawalioni. Mkufunzi anayenyakua usukani kila ndege ikitikisika hafundishi kutua. Tunawajua madereva waliojifunza na mwalimu asiyeondoa mguu kwenye breki yake: leseni wanapata, halafu siku ya kwanza peke yao Barabara ya Mandela wanagundua hawajui kitu. Rubani wa jeshi ataachwa peke yake angani, hivyo lazima aachwe akosee kidogo akiwa na mtu nyuma. Kusubiri ni sehemu ya kazi ya mkufunzi, ingawa siku ile kulizidi.

Baada ya ajali hiyo kutua sanjari kukaondolewa katika mafunzo ya awali ya marubani. Wapo waliosikitika, na hoja yao ina uzito: rubani ambaye vifaa vyake vimekufa mawinguni anahitaji mwenzake amshushe, akimfuata ubavuni. Naam, ila akishaiona njia ya kurukia, mwenzake anaweza kumwachia atue peke yake. Zoezi lenye faida nadra hivyo, na lisilompa mkufunzi hata nafasi ya kusubiri, halikustahili kuwa mikononi mwa mwanafunzi.

Ndiyo maana ripoti ile bado inanikera. Ilianza na mikono ya marehemu mkufunzi. Mimi ningeanza na mtaala uliomweka mita chache kutoka ndege nyingine, kisha ukamtaka awe mvumilivu.