Mzee Hajafa

Shuleni nilikuwa napata alama za juu kwenye insha, na hilo ndilo lililoniponza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba habari haivamiwi. Sharti upige hodi, uamkue, utupie methali moja mbili, ndipo utaje kilichokuleta. Basi ukoo uliponiteua katibu wa kamati ya harusi ya dada yangu, nikaona zamu yangu imefika.

Taarifa yenyewe ilikuwa ndogo: dada ameposwa, kikao cha kwanza ni Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Mikindani, na michango tutapanga hela za korosho zikishaingia. Enzi za SMS ningeimaliza ndani ya herufi 160, maana ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, na hakuna mhariri mkali kama salio. Lakini WhatsApp haina huyo mhariri. Kundi letu lina watu themanini na kitu, kuanzia Newala na Masasi mpaka Lindi, na nilitaka wote wajue kuwa kamati imepata katibu msomi. Nikaanza kwa hodi na salamu ndefu, kisha nikaendelea hivi:

"Ndugu zangu wapendwa, dunia ni mapito. Leo tupo, kesho hatupo. Kwa moyo uliojaa, nawajulisha kuwa ukoo wetu umefikiwa na jambo zito ambalo hatukulitarajia mapema hivi. Nyumbani kwa Mzee..."

Hapo WhatsApp ikakata na kuweka "Soma zaidi". Posa, kikao na Jumamosi vilikuwa huko chini, aya ya nne, baada ya historia ya babu zetu kuvuka Ruvuma. Nilituma saa tano usiku, nikazima data kubana bando, nikalala. Alfajiri nikaenda shamba kuokota korosho, simu nikaiacha kwenye chaji.

Nimerudi mchana, namkuta baba kibarazani anachambua korosho, nzuri kapu hili, zenye madoa kapu lile. Kitochi chake kiko pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu nitazamie hiki kisimu. Tangu asubuhi watu wananipigia, nikisema halo, wanakata."

"Mtandao huo, baba."

"Mtandao gani? Mmoja kapiga ukelele kwanza ndiyo akakata."

Nikawasha data. Simu ikatetemeka mpaka ikataka kuanguka mezani. Innalillahi zilikuwa thelathini na ushei, nikaacha kuhesabu. Wa Masasi walikuwa wameandika "Apumzike kwa amani". Mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Nani jamani?" Akajibiwa, "Soma juu." Hakuna aliyesoma juu. Binamu mmoja akamalizia kazi: "Si imeandikwa nyumbani kwa Mzee? Itakuwa lile goti."

Goti! Goti la baba huuma mvua zikikaribia, basi. Sijawahi kusikia mtu aliyezikwa kwa goti.

Kabla sijajibu, kilio kikasikika kutoka barabarani. Shangazi wa Newala huyo, kapanda gari la alfajiri, kanga kiunoni, kapakata unga wa muhogo wa kupikia waombolezaji. Akaingia uani analia, akapita kwangu, akaenda moja kwa moja kibarazani, akamshika baba mikono miwili.

"Pole kaka. Pole sana. Tumepoteza."

"Asante, dada," baba akasema kwa upole. "Tumempoteza nani?"

Shangazi akafuta machozi, akamtazama vizuri. Halafu akaketi chini palepale, na unga wake.

Nyuma yake ikasimama bajaji imebeba turubai. Nilipomwambia kijana hakuna msiba, akasema yeye halirudishi bure.

Mjomba akachukua uongozi. Alifanya kazi posta zama za telegramu, watu wakilipia kwa neno, na mpaka leo akiona sentensi ndefu anaumwa. "Mtu alikuwa anakuja na maelezo ya kurasa mbili," alisema, "namkatia: MAMA MGONJWA NJOO. Kwisha." (Hakusema kwamba kila aliyepokea hiyo alijua mama keshazikwa.) "Sasa wewe andika maneno mawili tu. Upesi!"

Nikaandika: "Mzee hajafa."

Majibu yakaja mbio. "Alhamdulillahi. Madaktari wanasemaje?" "Kalazwa wodi gani?" "Bado anaongea?" Binamu wa goti akaandika, "Tusikate tamaa mapema." Mwingine akasema anatafuta nauli usiku huohuo, ili amuwahi.

Shangazi akanipora simu. "Mpumbavu wewe! Hajafa ni mtu aliye njiani! Andika hakufa!"

"Nikiandika hakufa, shangazi, watauliza alinusurika nini."

Akafikiri. Akanirudishia simu.

Mjomba akavaa miwani, akawa ananisomea huku anahesabu vidole. Nilitaka kuandika "kikao cha harusi", akakataa: kikao watakikuta hukohuko, maneno mawili hayo ni hela. Nikatuma kama alivyosema: "HARUSI JUMAMOSI SAA NNE MIKINDANI. MZEE MZIMA."

"Maneno saba," mjomba akasema, akavua miwani.

Vitiki vikageuka bluu. Kundi likanyamaza. Halafu akatokea mama, ambaye yuko Lindi kwa mdogo wake tangu juzi, bando lilikuwa limemwishia, na hajawahi kuandika neno kwenye kundi lile tangu liundwe.

"Anamuoa nani?"

Kibarazani, kitochi cha baba kikaanza kuita.