Kuku hakatikiwi umeme

Jirani yangu, mama aliyefuga kienyeji tangu sijazaliwa, alinikuta natoa mashine ya kutotolesha mayai 56 kwenye boksi. Akacheka. "Kuku hakatikiwi umeme, mwanangu." Mzunguko huo wa kwanza nilipata vifaranga 19. Tetea wake alilalia mayai 12, akatoa 11.

Ukiishia hapo, ubishi umekwisha. Ila hesabu ya mama imeacha kitu kimoja: muda. Kuku wa kienyeji akimaliza kutaga mayai yake kumi na kitu, analalia siku 21, kisha anazunguka na watoto miezi miwili au zaidi, na muda wote huo hatagi. Ndiyo maana kwa mwaka anaangua mara tatu nne tu. Ukimwokotea mayai kila siku ukayapeleka kwenye mashine, huna haja ya kumsubiri amalize malezi. Anarudi kutaga mapema zaidi. Faida ya mashine naiona hapo hasa, kwenye siku za kuku zinazookolewa, maana kwa kuangua tu kuku mzuri anaishinda. Ajabu ni kwamba wauzaji hawalisemi hili. Wanatangaza "asilimia 98".

Asilimia 98 ya nini? Siku ya 7 nilipima mayai kwa tochi gizani, na 17 yakaonekana meupe pe, hayana mshipa hata mmoja. Nilikuwa nimeyanunua kwa mtu. Baadaye nilikwenda kuangalia banda lake: jogoo mmoja, mitetea zaidi ya 20, wakati kawaida ni jogoo mmoja kwa mitetea 10 hivi. Na mengine niliyaweka siku kumi juu ya kabati la jikoni, katika joto la Dar es Salaam, wakati yai likipita wiki moja uwezo wake wa kuangua huanza kushuka. Kwa hiyo karibu theluthi ya mayai niliipoteza kabla sijachomeka waya. Mashine haina lawama hapo.

Vifaranga 20 waliofia ndani ya ganda, lawama yao ni yangu mimi. Kwa kuogopa ukavu nilijaza maji mifereji yote miwili ya mashine, ile inayotia hewa unyevu, tangu siku ya kwanza. Kijitabu cha maelekezo kilisema hivyo, lakini kijitabu hakijui tofauti ya Tanga na Dodoma. Hewa ikipashwa moto unyevu wake kwa asilimia hushuka: hewa ya Pwani yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, ukiipandisha hadi nyuzi 37.7, inabaki na kama asilimia 43. Siku 18 za mwanzo yai linataka 45 hadi 55 tu, kwa hiyo huku kwetu maji kidogo yanatosha. Dodoma wakati wa kiangazi, bila maji ya kutosha, kifaranga anakaukia gandani. Mimi nilizidisha: mayai hayakupoteza maji yake, chumba cha hewa kilicho upande butu wa yai kikabaki kidogo, na vifaranga wakakosa pa kuvutia pumzi ya kwanza. Mifereji yote miwili ni ya siku tatu za mwisho, unyevu unapotakiwa ufike 65 na kuendelea.

Sasa umeme. Hofu hii ina ukweli nusu. Kuku mwenyewe hushuka kila siku kula na kunya, mayai yakapoa dakika 15 au 20 bila madhara. Umeme ukikatika saa moja au mbili, funika mashine kwa blanketi, usiifungue. Ila siku za mwisho acha matundu wazi, maana vifaranga ndani wanataka hewa na wanatoa joto lao wenyewe. Nyuzi 40 kwa saa kadhaa zinaua haraka kuliko baridi hiyo, kwa hiyo linganisha kipimajoto cha mashine na kile cha homa kabla ya kuweka yai lolote. Lakini mahali umeme unakatika usiku kucha, nawe huna betri wala jenereta, mama ameshinda kesi. Bili si tishio kubwa: wati 80 zikiwaka bila kupumzika siku 21 ni uniti 40 hivi.

Kinachouma ni baada ya siku ya 21. Kuku wa mama alipasha vifaranga joto bure, akawafundisha kuchakura. Mimi nilinunua mkaa wa bruda, yaani kibanda cha kupashia vifaranga joto, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na usiku sikulala. Mwezi ulipoisha, hata hivyo, kunguru na mwewe walikuwa wamemwachia vifaranga 5, mimi nilikuwa na 16. Wangu walikuwa wa rika moja, chupa ya chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi, ikatumika kwa siku moja. Ukiwa na vifaranga watano, dozi zinazomwagwa ni nyingi zaidi.

Mzunguko huu tumeungana. Mayai 20 ndani ya mashine ni yake, jogoo nimemhesabu mwenyewe. Mitetea yake miwili imelalishwa mayai viza matanomatano siku ileile niliyowasha mashine, ili vifaranga wakitoka tuwaingize chini ya mbawa zao usiku. Leo ni siku ya 16. Keshokutwa nazima kigeuza mayai.