Bila pleibeki: sharti la Sauti za Busara na ajira ya mpiga besi

Kila Februari inapokaribia, kaskazi imeshika na Mji Mkongwe umejaa wageni, mjadala uleule hurudi barazani Unguja: kwa nini tamasha la muziki la Sauti za Busara halimtaki msanii anayeimba juu ya pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa tayari? Tamasha lilianza Februari 2004, na sharti lake linajulikana: anayepanda jukwaa la Ngome Kongwe, ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, apige laivu, yaani muziki upigwe papo hapo. Matokeo yake ni kwamba kijana ambaye nyimbo zake zinachezwa na kila redio, na mwenye wafuasi wengi kuliko bendi zote za mjini zikijumlishwa, anaweza kuachwa nje, na nafasi ikaenda kwa bendi isiyo na kampuni wala meneja, ambayo hata Kikwajuni wanakofanyia mazoezi si wengi wanaoijua.

Wanaolalamika wana hoja, tena nyingine nzito. Lakini kwa maoni yangu sharti lenyewe halijaeleweka, na waliolifanya lisieleweke ni pamoja na wanaolipenda. Ukiwauliza, watakwambia habari ya muziki halisi, ya utamaduni, ya ladha. Hoja ya ladha haimshawishi mtu mwenye ladha nyingine. Kijana wa Magomeni anayependa Bongo Fleva akiambiwa kwamba anachopenda si muziki halisi, anasikia dharau tu, na ana haki ya kukasirika. Hoja ya kutetea laivu iko mfukoni. Ni suala la nani analipwa usiku ule, na nani anabaki na ufundi mkononi mwake tamasha likiisha.

Chukua shoo ya kawaida ya pleibeki. Mwimbaji anakuja na flashi, dijei wa kuibonyeza na madansa wawili au watatu. Besi unayoisikia ilitengenezwa studio miaka miwili iliyopita na mtayarishaji aliyelipwa mara moja, na mara nyingi alilipwa kidogo. Usiku wa shoo hapati kitu. Chukua sasa bendi ya watu saba: drams, besi, gitaa la solo, kinanda, tumba, fidla, mwimbaji. Tuseme kwa mfano tu kwamba usiku mmoja zinapanda bendi sita za namna hiyo. Hao ni watu 42 waliolipwa kwa kupiga muziki. Kwa siku tatu wanafika 126. Wapunguze hata nusu, kwa sababu kuna wanaopiga katika bendi mbili na kuna bendi zinazotoka nchi za nje, bado umebaki na watu zaidi ya 60 waliorudi nyumbani na chochote. Ukumbi huohuo, umeme uleule, viingilio vilevile, kwa pleibeki ungelipa waimbaji 18 na madansa wao.

Hiyo hesabu huwa inanikaa kichwani, na naamini wengi huiruka kwa sababu mpiga besi haonekani. Kwenye bango yuko mwimbaji. Kwenye video yuko mwimbaji. Lakini fuata maisha ya mpiga besi mwaka mzima uone. Bendi yake ikikubaliwa, lazima iandae nyimbo za kutosha kwa muda wake jukwaani, tena nyimbo zake yenyewe. Kupiga kopi za watu hakutamfikisha Ngome Kongwe. Hiyo ni miezi ya mazoezi. Anajifunza kusikilizana na mpiga drams, kunyamaza pale fidla inapoingia, kumalizia wimbo pamoja na wenzake bila kuangaliana. Februari ikipita, ujuzi ule haurudishwi kwa mwandaaji. Anakwenda nao hotelini Nungwi, kwenye harusi, kwenye kikundi cha taarab kinachomhitaji, na mdogo wake anayekaa pembeni kumwangalia naye anapata kitu. Shoo ya pleibeki haimwachii yeyote ufundi wa namna hiyo, isipokuwa mwimbaji mwenyewe akijaliwa kuwa anaimba kweli.

Hata fundi mitambo ananufaika. Mtu aliyewahi kusimama kando ya jukwaa lile bendi zinapopishana anajua ninachosema. Bendi moja inashuka, nyingine inapanda, na katika dakika chache zilizopo mafundi wanachomoa waya za magitaa, wanasogeza maiki ya tumba kwa sababu mpigaji huyu anakaa chini na yule alisimama, wanamtafutia mpiga kanuni, chombo cha nyuzi cha taarab, mahali ambapo maiki haitaokota mlio wa drams. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na sauti yake ni nyepesi. Ukikosea kidogo tu kuchanganya sauti, haisikiki kabisa. Vijana wa Zanzibar wamejifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Mbele ya flashi, fundi ana nyaya mbili na kitufe kimoja.

Tumewahi kuona upande wa pili wa jambo hili ukitokea. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ni vikundi vya taarab vyenye fidla, kanuni, udi, akodiani na besi kubwa ya kusimama. Katika miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, rusha roho, na kinanda cha umeme kikabeba kazi ya safu nzima ya fidla. Watu waliipenda, hasa kina mama, na walikuwa na sababu: ilikuwa yao, walicheza, walituzana, walipeana vijembe kwa uhuru ambao taarab asilia haikuwapa. Sina ugomvi na hilo. Ila kikundi kilichohitaji watu ishirini kikaweza kufanya kazi na watu sita, na baadaye hata wale sita wakawa wanaweza kuachwa nyumbani. Mpiga fidla hakufukuzwa na mtu. Alikosa tu wa kumwita. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilipoanzishwa mwaka 2002 mjini Unguja, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufundisha vyombo ambavyo vijana walikuwa wameacha kuvigusa. Sasa ukifundisha watu udi na kanuni, lazima pawe na mahali wanapokwenda kuvipiga wakalipwa. Siti and the Band ni zao la wahitimu wa chuo hicho, na wimbo wao una besi na drams za leo pamoja na fidla na kanuni za jana. Kundi kama lile halizaliwi katika mji ambao kila jukwaa linaridhika na flashi.

Basi wanaopinga wanasema nini?

Wanasema, kwanza, kwamba tamasha limekuwa la wageni. Hapa wana nusu ya ukweli. Ukiingia usiku wa Jumamosi utaona sura nyingi zilizoshuka kwenye ndege wiki hiyohiyo. Waandaaji wamekuwa wakiweka kiingilio cha chini kwa Watanzania, na gwaride la ufunguzi hupita mitaani ambako halilipiwi, likiwa na beni, bendi ya matarumbeta, na ngoma, na watoto wa Michenzani hulifuata kwa miguu. Hata hivyo, kama msanii anayependwa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hayumo ndani, punguzo la bei halimvuti mtu wa Ng'ambo.

Wanasema, pili, kwamba nyota wa Bongo Fleva wangejaza ukumbi na tamasha lisingetegemea wafadhili. Ni hoja inayosikika vizuri tukikumbuka mwaka 2016, ambapo tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Tiketi peke yake hazijawahi kutosha. Lakini nyota naye ana bei yake, na bei hiyo ingemeza kile hasa ambacho leo kinagawanywa kwa bendi kadhaa. Tena nyota huyo ana majukwaa. Anaweza kujaza uwanja wa Amaan siku yoyote akitaka, na promota wa kumleta yupo. Bendi ya vijana ya Kikwajuni haina uwanja wowote zaidi ya ule wa Ngome Kongwe, ambako pia hukaa waandaaji wa matamasha ya nje wakitafuta wa kuwaalika. Ukitoa nafasi yake ili kumwongezea mwenye nazo nyingi, nani atakuwa amesaidiwa?

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua kweli. Wanasema sharti la laivu linapendelea waliosoma muziki na walio na vyombo, na linamfungia mlango maskini. Kijana wa mtaani hana gitaa, hana drams, hana chumba cha mazoezi. Ana simu, na rafiki mwenye kompyuta. Pleibeki ndiyo iliyompa sauti. Ukimwambia aje na bendi, umemwambia asije.

Tazama singeli. Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye studio ndogo kama Sisso ya Mburahati, kwa watu ambao hawakusubiri mtu awanunulie magitaa. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, mwendo ambao mpiga drams wa kawaida angechoka kabla ya ubeti wa pili. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, vinanda vidogo vya Casio vikiunguruma kwenye spika chakavu pamoja na ngoma, na Jagwa Music wakafika nao majukwaa ya Ulaya. Je, kijana wa singeli anayechanganya midundo mbele yako, anakata hapa na kurudia pale kufuatana na anavyoona watu wanavyocheza, anapiga laivu au hapigi? Mimi nasema anapiga. Kipimo changu ni kimoja: je, kinachosikika kinaweza kubadilika papo hapo kwa sababu ya aliye jukwaani na walio mbele yake? Kama ndiyo, ni laivu, awe ameshika udi au kompyuta. Kama wimbo utaisha vilevile hata msanii akianguka na kuzimia, ni pleibeki. Waandaaji wakiliandika sharti lao kwa namna hiyo, nusu ya lawama zitaisha, na hakuna mpiga besi atakayepoteza kazi.

Nusu nyingine ya lawama inahusu vyombo, na hapa waliopita walikuwa na akili kutuzidi. Bendi kubwa za dansi za Tanzania hazikujinunulia vyombo. NUTA Jazz, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, Sikinde, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana jina lake lina DDC. Shirika lilimiliki magitaa na mitambo, mwanamuziki alileta mikono na kichwa, akapata mshahara. Mfumo ule ulikuwa na maudhi yake: viongozi waliweza kukunyang'anya gitaa ukitaka kuhama, na bendi nyingi zilikufa shirika lilipokufa. Lakini ulielewa jambo moja, kwamba mtoto wa mkulima hataanza muziki wa bendi kwa pesa zake mwenyewe. Mashirika yalipoondoka na redio binafsi kuanza katikati ya miaka ya 1990, aliyebaki na uwezo wa kutoa muziki ni mwenye studio na kompyuta. Vijana hawakuchagua pleibeki kwa uvivu. Ndicho chombo pekee kilichobaki mikononi mwao.

Kwa hiyo naona sharti libaki, na gharama yake isiachwe kwa kijana peke yake. Kwanza iwepo bendi ya nyumbani, wapigaji wanaolipwa mwaka mzima, ambao mwimbaji wa zenji fleva, Bongo Fleva ya Zanzibar, aliyechaguliwa anapewa miezi kadhaa kufanya nao mazoezi, nyimbo zake zikapangwa upya kwa vyombo. Wapo wahitimu wa kutosha mjini wa kuifanya kazi hiyo, na wengi wao kwa sasa wanapiga kopi hotelini usiku mmoja kwa wiki. Pili viwepo vyombo vya kudumu Ng'ambo, katika chumba ambacho bendi yoyote ya vijana inaweza kukiandikia zamu. Tamasha haliwezi kubeba hayo peke yake, kwa sababu linahangaika kila mwaka kujilipa lenyewe. Kuna wanaofaidika nalo na hawaombwi kitu: hoteli na nyumba za wageni za Mji Mkongwe, ambazo hujaza vyumba wiki ile. Seti moja ya drams, amplifaya mbili, kinanda na magitaa matatu ni gharama ambayo hoteli tano zikichangiana hazitaisikia, na mazungumzo nazo yanafaa kuanza mapema, wakati wageni wa Februari bado wanapiga simu kuuliza vyumba.