Majani ya mkorosho: yanaua bakteria, lakini wapi?

Mtwara na Lindi mkorosho tunaujua kwa kilo na bei ya mnada. Siku hizi majani yake nayo yanasifiwa: yana antioksidanti (kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe), yanaua bakteria, basi ni dawa. Mawili ya mwanzo yana ushahidi wa maabara. La tatu bado.

Majani hayo, kama ya mpera, yana tanini na flavonoidi, kemikali za mimea, kwa wingi. Watafiti huyakausha, huyasaga na mara nyingi huyaloweka kwenye methanoli au ethanoli, ambazo ni aina za alkoholi. Kinachochujwa hujaribiwa kwenye DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka njano ikikutana na antioksidanti. Sehemu yake nyingine huwekwa kwenye sahani yenye bakteria, na eneo ambalo wameshindwa kuota hupimwa kwa milimita. Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, kwa kawaida huzuilika kirahisi kuliko Escherichia coli, ambaye ana utando wa ziada kwa nje.

Wanaoyatetea hawabahatishi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaongezeka, na dawa mpya lazima zitafutwe mahali. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria asili yake ni mmea wa artemisia. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Anayedharau majani ya kienyeji kwa kuwa ni ya kienyeji, simwelewi.

Ila bibi wa Newala hachemshi majani kwa methanoli. Maji hutoa mchanganyiko tofauti, na kiasi kilichoua bakteria kwenye sahani huenda kisifike kabisa kwenye damu, maana tanini hushikana na protini na nyingi haifyonzwi. Ndiyo maana naona matumaini zaidi kwenye vidonda vya juu ya ngozi na tumboni kuliko kwenye mapafu au damu. Hata antioksidanti si kheri tupu: utafiti wa Ufini uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa.

Halafu kuna jambo letu wenyewe, ambalo wauzaji wa unga wa majani hawalisemi: salfa. Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na wakulima wengi huongeza viuatilifu vingine. Jani lililochumwa msimu huo linaingia kwenye sufuria na vyote hivyo.

Kwa hiyo kipimo ninachokitaka ni cha mchemsho wa maji, kama unavyonywewa nyumbani, kutoka miti iliyopuliziwa na isiyopuliziwa. Kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele kiko hapa hapa Mtwara, na madaktari wa kushirikiana nacho wapo. Wakati hayo yakisubiriwa, mtoto anayeharisha apewe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, na akiwa na damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.